Mgeni na Mwongozo: Uhakiki wa Lugha ya Kusakinisha Programu Huria za Biashara

Wahakiki wa lugha yetu wamezoea kuyapima mashairi, tenzi, hadithi na tamthilia, na ni haki wafanye hivyo. Walakini iko namna nyingine ya maandishi ambayo husomwa kwa makini kuliko shairi lolote, hutiiwa neno kwa neno, na makosa yake humgharimu msomaji fedha na siku zake. Nayo ni miongozo ya kazi. Namna hii haina wahakiki. Mwongozo mbaya hauitwi mwongozo mbaya. Msomaji wake ndiye aitwaye mjinga.

Nia ya makala haya ni kuchunguza aina moja ya miongozo hiyo, yaani ile imwelekezayo mgeni jinsi ya kusakinisha programu huria za biashara katika kompyuta yake mwenyewe. Nimechagua programu tatu zijulikanazo sana. Ya kwanza ni Odoo, iliyoanzishwa Ubelgiji mwaka 2005 na Fabien Pinckaers kwa jina la TinyERP, ikaitwa baadaye OpenERP, na tangu mwaka 2014 yaitwa kwa jina lake la sasa. Ya pili ni ERPNext, iliyotungwa Mumbai, India, na Rushabh Mehta pamoja na wenzake. Ya tatu ni Dolibarr, iliyoanza Ufaransa mwaka 2002. Zote tatu hufanya kazi ya karani, mtunza bohari na mtunza hesabu kwa pamoja: huandika ankara, huhesabu bidhaa zilizomo ghalani, hukumbuka nani anadai na nani anadaiwa, na mwisho wa mwaka huonyesha faida na hasara. Mwenye duka, chama cha ushirika au shirika dogo laweza kuzitumia bila kulipa ada ya leseni.

Sichunguzi ubora wa programu zenyewe. Hilo ni la mafundi na wahasibu. Nachunguza maneno yanayosimama mlangoni, kwa sababu naamini kwamba ugumu mwingi ambao mgeni hukutana nao si ugumu wa mashine bali ni ugumu wa maandishi.

Leseni na mwongozo

Kila programu huria huja na hati mbili. Ya kwanza ni leseni. Ya pili ni mwongozo. ERPNext na Dolibarr hufuata leseni ya GNU, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989 na toleo la tatu mwaka 2007. Odoo, ambayo tangu mwaka 2015 ina tawi la huria na tawi la kulipiwa, hutoa lile tawi la huria kwa leseni ya jamii hiyo hiyo. Leseni hizi zampa mtu ruhusa ya kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza ilivyoundwa, kuibadili, na kuwagawia wengine. Haziulizi mtu huyo amesoma wapi wala ana elimu gani.

Mwongozo ndio unaouliza. Tena wauliza pasipo kukiri kwamba wauliza. Wamchukulia msomaji kuwa ni mtu ajuaye tofauti ya seva na hifadhidata, ajuaye kuandika amri katika dirisha lisilo na picha wala vitufe, na ajuaye kuamua kama ujumbe mwekundu ni onyo la kupuuzwa au ni kosa la kusimamisha kazi. Hivyo hati ya kwanza yasema, “Ni yako,” na hati ya pili yasema, “Ni yako endapo u miongoni mwetu.” Hapo ndipo lilipo jambo zito katika habari hii. Ruhusa isiyoweza kutumika ni ruhusa ya karatasi.

Kiswahili chatusaidia kuliona jambo hili waziwazi. Neno rahisi katika lugha yetu lina maana mbili: kisicho ghali, na kisicho kigumu. Programu huria ni rahisi kwa maana ya kwanza, na watangazaji wake huridhika hapo. Kazi iliyobaki ni kuifanya iwe rahisi kwa maana ya pili.

Neno kusakinisha

Yafaa tulitazame neno lenyewe. Wataalamu wetu wa istilahi walipotafuta neno la kitendo hiki walichagua sakinisha, kutokana na kitenzi sakini, yaani kukaa mahali na kufanya makazi. Ndugu yake ni maskani. Kwa hiyo kusakinisha programu ni kuipa makazi ndani ya kompyuta. Chaguo hili ni zuri kuliko lile la watu wasemao kuweka tu. Kitu kikiwekwa, kazi imekwisha. Lakini mtu akisakinishwa mahali, hajapata makazi mpaka awajue majirani, ajue maji yako wapi, na apate ufunguo wa mlango. Hali kadhalika pakua, neno litumikalo kwa kuleta programu kutoka intaneti, ni neno la bandarini na la jikoni: shehena hupakuliwa chomboni, na wali hupakuliwa chunguni. Msemaji wa Kiswahili hatarajii kupakuliwa mchele mbichi.

Maneno haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyosema Kiswahili, na ilibidi istilahi nyingi zitungwe au zichaguliwe kwa ajili yake. Kazi hiyo yastahili sifa. Lakini yapasa tukumbuke kwamba kutafsiri majina ya vitufe ni jambo moja, na kutunga mwongozo ni jambo jingine. Mwongozo mbaya ukitafsiriwa vizuri hubaki mwongozo mbaya, ila sasa msomaji hushindwa kwa lugha yake mwenyewe.

Amri ya tendo na amri ya hali

Kasoro ya kwanza ya miongozo hii ni ya kisarufi. Mwongozo ni maandishi ya amri. Sentensi zake nyingi huanza na kitenzi kisicho na kiambishi cha nafsi: fungua, andika, bofya. Ukizisoma kwa makini utaona kwamba amri zake ni za namna mbili. Namna ya kwanza naiita amri ya tendo: “Andika maneno haya, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza.” Msomaji ajua mkono wake ufanye nini. Namna ya pili naiita amri ya hali: “Hakikisha kwamba hifadhidata imekwisha kusakinishwa na yafanya kazi.” Kwa umbo ni amri sawa na ile ya kwanza. Kwa maana si amri ya tendo lolote. Ni tamaa ya mwandishi kwamba dunia iwe katika hali fulani, na njia ya kuifikisha katika hali hiyo ameachiwa msomaji.

J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alifundisha kwamba usemi utendao kazi una masharti yake, na masharti yakikosekana usemi huo huharibika ijapokuwa maneno yake ni sahihi. Amri nayo ina sharti lililo wazi: aamriwaye awe na uwezo wa kuitimiza. Amri ya hali kwa fundi ni amri halali, kwa kuwa fundi ana matendo kumi kichwani mwake ambayo neno “hakikisha” layaamsha. Kwa mgeni ni amri iliyoharibika.

Tutazame mfano. Anayetaka kusakinisha ERPNext kwa njia ya kawaida ya mafundi hukuta kwanza orodha ya mahitaji: lugha ya Python, Node.js, hifadhidata ya MariaDB, Redis, na chombo cha kugeuza kurasa kuwa hati za PDF kiitwacho wkhtmltopdf. Kila jina katika orodha hii ni amri ya hali iliyofupishwa hadi ikawa nomino tupu. Tena haitoshi MariaDB iwepo. Yatakiwa ibadilishiwe taratibu zake za kuhifadhi herufi, ziwe zile ziitwazo utf8mb4. Mgeni haelezwi mara zote kwamba jambo hili lahusu herufi za lugha za watu, yaani majina ya wateja wake yaandikwe yalivyo. Lau angeambiwa hivyo angelikumbuka. Sasa analinakili kama hirizi.

Mfano wa pili watoka katika mwongozo wa Odoo. Mle mwasemwa kwamba chombo hicho hicho cha wkhtmltopdf hakiji pamoja na vingine, bali mtu akilete mwenyewe, tena kiwe cha toleo 0.12.6, ili kuwe na vichwa na vitako vya kurasa. Maneno haya ni kweli, lakini yamesemwa kwa lugha ya fundi. Kwa mfanyabiashara kichwa cha ukurasa ndicho chenye jina la duka lake na anwani yake. Sentensi iliyofaa kuandikwa ni hii: “Usipofanya hatua hii, ankara utakazompelekea mteja hazitakuwa na jina la biashara yako.” Hapo msomaji angefahamu uzito wa jambo. Na yafaa kuongeza kwamba watunzi wa chombo hicho walifunga kazi yake mwezi wa Januari 2023. Kwa hiyo mgeni hutumwa kukitafuta kitu ambacho wenyewe wamekwisha kukiacha.

Dolibarr imelitatua jambo hili kwa njia inayostahili kuigwa. Mtu akiifungua mara ya kwanza, programu yenyewe hukagua masharti moja baada ya moja: toleo la PHP ni lipi, kumbukumbu yatosha au haitoshi, faili ya mipangilio yaweza kuandikwa au haiwezi. Kila sharti hupata alama yake, zuri au baya. Tazameni kilichotendeka hapa kwa upande wa lugha. Lile “hakikisha” limeondolewa kwa msomaji na kupewa mashine, ambayo ndiyo iwezayo kuhakikisha. Msomaji amebakiwa na amri za tendo tu. Zaidi ya hayo, kwa watumiaji wa Windows kuna furushi liitwalo DoliWamp, ambalo lina Dolibarr pamoja na seva, PHP na hifadhidata yake ndani ya faili moja. Huu ndio wali uliopakuliwa ukiwa umeiva.

Majina mamoja, vitu vingi

Kasoro ya pili ni ya majina. Fundi mwenzangu wa lugha akisoma mwongozo wa ERPNext na ahesabu ni mara ngapi ataulizwa nywila, atapata angalau tatu: nywila ya mwenye mamlaka katika kompyuta, nywila ya mwenye mamlaka katika MariaDB, na nywila mpya ya msimamizi wa tovuti anayoijenga. Mbili za kwanza hudaiwa, kwa maana zimekwisha kuwapo. Ya tatu hutungwa hapo hapo. Tena katika Linux mwenye mamlaka yote huitwa root, na katika MariaDB mwenye mamlaka yote naye huitwa root, ingawa ni wawili mbalimbali. Mgeni anayeandika nywila ya huyu mahali pa yule hakukosa kwa uzembe. Amesoma sawasawa maneno yaliyoandikwa.

Katika Odoo vivyo hivyo: ukurasa wa kuunda hifadhidata wataka nywila kuu, kisha wataka barua pepe na nywila nyingine. Ya kwanza hulinda hifadhidata zote. Ya pili ni ya kuingilia kila siku. Zimekaa katika fomu moja kama ndugu pacha, na mtu akifikiri kwamba moja ni marudio ya nyingine hatumlaumu.

Kiswahili kina dawa ya ugonjwa huu, nayo ni kile kiunganishi chetu cha -a, kitufanyacho tuseme kitu ni cha nani. “Nywila” peke yake haitoshi; “nywila ya msimamizi wa hifadhidata” yatosha. Mtafsiri asione uvivu kuirefusha sentensi mahali hapa. Lakini Kiswahili chaweza pia kuleta madhara yake. Mafundi huita akaunti ya ndani ya hifadhidata kwa neno lile lile walitumialo kwa mtu atumiaye programu, na wafasiri wetu huandika mtumiaji kwa yote mawili. Mara neno hili likiingia katika sentensi, upatanisho wa A-WA waifanya akaunti iwe na roho: “mtumiaji huyu ana ruhusa,” “mtumiaji huyu amefutwa.” Mwenye duka hustuka, akadhani kwamba yuko mtu asiyemjua ndani ya daftari zake. Rai yangu ni kwamba mtumiaji liwe la mwanadamu tu, na lile jingine liitwe akaunti.

Kimya cha mashine

Kasoro ya tatu si ya maneno yaliyoandikwa bali ya yale yasiyoandikwa. Katika dirisha la amri ni desturi ya zamani kwamba amri ikifaulu haisemi neno. Ikishindwa ndipo husema. Fundi hukiona kimya hicho akaendelea. Mgeni hukiona kimya hicho akadhani kwamba hakusikiwa, akairudia amri, na safari hii mashine yasema: yamlaumu kwamba kitu hicho kipo tayari. Basi kufaulu kumemtia shaka, na kurudia kumempa kosa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mtu aliyelelewa na methali hiyo haambiwi tu aendelee.

John M. Carroll, aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake kiitwacho The Nurnberg Funnel, kilichotolewa mwaka 1990, kwamba wanaojifunza kompyuta hawakai wakasoma mwongozo toka mwanzo hadi mwisho. Huanza kutenda, hukosea, kisha hutafuta msaada. Alishauri mwongozo uwe mfupi, na nafasi kubwa ipewe kutambua kosa na kujitoa ndani yake. Miaka mingi imepita tangu alipoandika, na bado twasoma miongozo inayoeleza njia moja tu, ile ambayo kila kitu kimefaulu.

Ili nisionekane nalaumu bila kujenga, natoa hapa mfano wa hatua moja jinsi iwezavyo kuandikwa. Mwongozo wa Odoo waeleza, kwa ufupi unaostahili sifa, kwamba PostgreSQL ina akaunti moja tu mwanzoni, na kwamba Odoo haikubali akaunti hiyo, hivyo ifunguliwe nyingine. Mimi ningeandika hivi:

“PostgreSQL huja na akaunti moja, jina lake postgres. Akaunti hiyo ina mamlaka yote, na kwa usalama wa hesabu zako Odoo haikubali kuitumia. Fungua akaunti nyingine kwa kuandika amri ifuatayo. Utaulizwa nywila, andika ile unayofungulia kompyuta yako. Amri ikifaulu hutaona neno lolote, endelea. Ukiambiwa kwamba akaunti hiyo ipo tayari, maana yake uliifungua zamani. Endelea vile vile. Ukiambiwa kwamba amri haijulikani, PostgreSQL haijasakinishwa. Rudi hatua iliyopita.”

Sentensi ni tisa badala ya mbili. Lakini ndani yake mna sababu, mna tendo, mna jina kamili la nywila, mna maana ya kimya, na mna njia mbili za kujitoa. Urefu wa namna hii hauchoshi. Ufupi wa namna ile ndio uchoshao.

Maswali mazito na maswali mepesi

Nimefika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Tukiyaweka maswali yote anayoulizwa mgeni katika safu moja, tangu hatua ya kwanza hadi anapoandika ankara ya kwanza, twaona kwamba yako ya aina mbili. Yako maswali ambayo yeye hawezi kuyajibu lakini programu yaweza: faili zikae wapi, mlango wa seva uwe nambari gani, herufi zihifadhiwe kwa utaratibu upi. Na yako maswali ambayo programu haiwezi kuyajibu lakini yeye aweza: biashara yake yaitwaje, iko nchi gani, yatumia fedha gani, mwaka wake wa hesabu waanza mwezi gani.

Sasa tazameni jinsi uzito ulivyogawanywa. Maswali ya aina ya kwanza huandikiwa kurasa nyingi, yakitolewa maonyo na maelekezo. Na majibu yake mengi, yakikosewa, yaweza kurekebishwa au kazi yote ikaanzwa upya bila hasara ila ya jioni moja. Maswali ya aina ya pili hutokea katika fomu ndogo ya kupendeza, baada ya taabu yote kwisha, wakati mgeni amechoka na ana furaha kwamba amefika. Huyajibu mbiombio. Na hayo ndiyo yasiyorekebishika. Katika ERPNext, kampuni ikishaandikiwa shughuli za hesabu, fedha yake ya msingi haibadiliki tena. Kile kifupisho cha jina la kampuni kinachoombwa katika fomu hiyo, ambacho mtu hukiona kama pambo, hubandikwa mwishoni mwa jina la kila akaunti ya hesabu na kila ghala. Katika Odoo, ingizo la kwanza likishathibitishwa, mpango wa hesabu wa nchi hauwezi kubadilishwa kwa mwingine. Na katika fomu ya kuunda hifadhidata kuna kisanduku kidogo cha kujaza mifano ya kujifunzia. Aliyekitia alama hupata wateja na bidhaa za kubuni ndani ya hesabu zake, na njia salama ya kuwaondoa ni kuunda hifadhidata nyingine.

Hapa lugha imesaliti maana. Katika mazungumzo ya kawaida mtu akitaka kuuliza jambo zito hubadilisha sauti, husema, “Ngoja kwanza, hili ulifikirie.” Fomu hizi zauliza jina la kifupisho na fedha ya msingi kwa sauti ile ile, herufi zile zile, na nafasi ile ile. Neno moja tu lingetosha kando ya kila swali la namna hii: “Jibu hili halitabadilika baada ya kuanza kuandika hesabu.” Na katika mwongozo ingefaa maswali haya yawekwe mwanzo kabisa, kabla ya amri ya kwanza, ili mwenye duka aende akamwulize mhasibu wake huku fundi akishughulika na mengine.

Kutokana na hayo natoa kanuni ambayo naona yaweza kumwongoza mwandishi yeyote wa miongozo: usimwulize mgeni jambo ambalo wewe walijua kuliko yeye, na lile ambalo yeye alijua kuliko wewe, mwulize polepole.

Pingamizi mbili

Najua kwamba yapo majibu. La kwanza ni kwamba ugumu umekwisha kuondolewa, maana siku hizi programu nyingi hutoa amri moja ndefu ya kunakiliwa, ambayo ikiandikwa hufanya yote. Au hutolewa ndani ya makasha yaliyo tayari, kama yale ya Docker. Siukatai wepesi huu. Lakini amri moja itendayo mambo mia ni sawa na kutia sahihi mkataba usiousoma. Mgeni ameipa programu asiyoifahamu mamlaka yote ya kompyuta yake, na likitokea kosa katikati hana hata hatua za kurejea. Tena kasha la Docker lina tabia yake: kilichoandikwa ndani ya kasha bila kutengewa mahali pa kudumu hupotea kasha likifutwa. Mfanyabiashara aliyeanza kwa kujaribu, akapendezwa, akaendelea kuandika mauzo ya miezi mitatu katika kasha la majaribio, hakuonywa na mtu. Wepesi huo umemwondolea ugumu wa kuingia ukamwachia hatari ya kukaa.

La pili husema kwamba mgeni asisakinishe kabisa. Alipe ada ndogo kila mwezi, na wenye seva wamtunzie. Ni shauri jema kwa wengi, nami simkatazi mtu. Lakini likiwa ndilo shauri la pekee, basi programu imebaki huria kwa mafundi, na kwa wengine wote ni ya kupanga kama chumba. Daftari za biashara zina siri: nani anadaiwa, mshahara wa nani ni kiasi gani. Mtu mwenye sababu ya kuziweka nyumbani kwake asizuiwe na sentensi mbovu.

Na kuna jambo ambalo pingamizi zote mbili hazilitaji. Mwongozo mwingi wa kusakinisha hukoma pale ukurasa wa kukaribisha unapoonekana. Kwa fundi safari imekwisha. Kwa mwenye duka ndiyo kwanza imeanza, na swali lake la kwanza lapasa kuwa: kompyuta hii ikiibiwa kesho, hesabu zangu ziko wapi? Jibu lake lina mitego ya lugha vile vile. Katika ERPNext amri ya kutoa nakala ya akiba, ikiandikwa ilivyo, hutoa nakala ya hifadhidata. Faili zilizoambatishwa, kama vile picha za risiti na mikataba, hutoka tu ukiziomba kwa maneno ya ziada. Katika Odoo nayo, hifadhidata yakaa mahali pake na faili mahali pengine, na nakala kamili ni ile iliyochukua vyote viwili. Neno nakala lilimwahidi mtu kitu kizima. Mwongozo uliomaliza bila kulitaja hilo haukumsakinisha mtu, umemfikisha kizingitini.

Kazi iliyo mbele yetu

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Miongozo hii humpa jembe akiwa bado na mzigo kichwani. Wao husema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone, na hili ndilo ambalo watunzi wa programu huria hawajalitumia ipasavyo. Mgeni ndiye mtu wa pekee asiyejua, na kwa hiyo ndiye wa pekee awezaye kuonyesha mahali ambapo maandishi yamenyamaza. Baada ya juma moja ujuzi umekwisha kumwingia, naye haoni tena. Lau kila mwongozo ungesomwa na mgeni mmoja kwa sauti, huku mtunzi ameketi kando amekatazwa kusema, kasoro nyingi nilizozitaja zingejidhihirisha kabla ya jua kutua.

Kwa upande wetu wa Kiswahili, nashauri mambo mawili kwa vyuo vinavyofundisha tafsiri na isimu. La kwanza, miongozo ya kazi iingizwe katika masomo ya uhakiki, na wanafunzi wafundishwe kutenga amri ya tendo na amri ya hali kama wanavyofundishwa kutenga vina na mizani. La pili, tusikimbilie kutafsiri miongozo iliyopo. Programu huria yatupa ruhusa ya kubadili, na ruhusa hiyo yahusu maandishi pia mahali leseni yake inaporuhusu. Basi tuandike upya. Mwandishi wa Kiswahili aanze na swali la mwenye duka, si na orodha ya mahitaji ya mashine. Aeleze nywila ni ya nani. Aseme kimya ni nini. Aonyeshe jibu lipi halirudi nyuma. Na asiweke kalamu chini mpaka amefundisha kutoa nakala na kuirudisha. Tukifanya hivyo hata kwa programu moja tu, mgeni ataweza kuitumia ruhusa ambayo leseni imempa.